Kijiji cha Reli cha Swindon: wafanyakazi wageni walivyojijengea huduma zao

Wasomaji wetu wa Kigoma wanazijua kota za reli, nyumba za wafanyakazi zilizojengwa karibu na stesheni. Uingereza nayo ina mitaa ya namna hiyo, na mmoja unaofahamika sana ni Kijiji cha Reli katika mji wa Swindon, kusini magharibi mwa nchi hiyo. Karibu watu wote waliouanzisha walikuwa wageni. Walifika mahali pasipo na shule, zahanati wala soko, na mengi waliyoyapata baadaye waliyalipia wenyewe kwa michango.

Kwa nini Swindon?

Kabla ya reli, Swindon ulikuwa mji mdogo wa soko juu ya kilima, wenye watu wapatao 2,500. Mwaka 1840 kampuni ya Great Western Railway ilikuwa ikijenga reli kutoka London hadi Bristol, chini ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Daniel Gooch, aliyesimamia injini za kampuni hiyo, alipendekeza karakana ijengwe bondeni, chini ya mji huo. Hapo reli ya kwenda Cheltenham ingechepuka, na mfereji wa maji uliopita jirani ungeleta makaa ya mawe. Karakana ilianza kazi mwaka 1843.

Mafundi walitafutwa mbali, wengi wakitoka kaskazini mwa Uingereza, Scotland na Wales. Kampuni ikawajengea nyumba za mawe zilizopangwa kwa safu, zikafikia takriban 300. Mitaa ilipewa majina ya miji ambayo treni zilifika: Bristol, Bath, Exeter, Taunton, Oxford, Reading.

Kwa nje nyumba zilipendeza, lakini ndani zilikuwa finyu. Familia kubwa ziligawana vyumba vichache, na nyingine zilipokea wapangaji ili kupunguza mzigo wa kodi. Maji safi na mifereji ya majitaka havikutosha, na magonjwa ya kuambukiza yalisambaa haraka.

Mfuko wa matibabu

Mwaka 1847 biashara ya reli ilidorora na mamia ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Waliobaki walipunguziwa saa za kazi, na mishahara ikapungua. Mtu akiugua au kuumia karakanani, familia yake haikuwa na fedha za daktari.

Mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Matibabu. Kila mfanyakazi alikatwa kiasi kidogo kwenye mshahara, kulingana na kipato chake. Kampuni ilisaidia kwa kumpa daktari nyumba bila kodi. Kwa mchango huo, mfanyakazi na familia yake walipata daktari na dawa, na kamati ya wafanyakazi ndiyo iliyosimamia mfuko.

Huduma ziliongezeka mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 1870 kijiji kilipata hospitali yake ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 lilifunguliwa jengo kubwa lenye vyumba vya madaktari, duka la dawa, mabafu na mabwawa ya kuogelea. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya kwa wananchi wote mwaka 1948, mfuko huo ulikuwa umefanya kazi kwa miaka 100. Hadi leo hutajwa miongoni mwa mifano iliyotangulia huduma hiyo.

Maktaba, soko na safari

Wafanyakazi walianzisha pia Taasisi ya Mafundi mwaka 1844. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1855, likiwa na maktaba, vyumba vya masomo na ukumbi wa maonyesho. Kando yake palikuwa na soko, hivyo akina mama hawakulazimika tena kupanda kilimani kununua chakula.

Taasisi hiyo ndiyo iliyoandaa safari ya kila mwaka. Mwaka 1849 watu wapatao 500 walipelekwa Oxford kwa treni bila nauli. Kufikia mwaka 1913 wasafiri walizidi 25,000, wengi wakienda pwani, na mji ulibaki kimya. Lakini likizo hiyo haikuwa na malipo hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Familia ziliweka akiba mwaka mzima, na wiki zilizofuata safari zilikuwa za kufunga mkanda.

Wenyeji na wageni

Mji wa kilimani na mji mpya wa bondeni viliishi kama majirani wasiozoeana, kila upande ukiwa na baraza lake. Viliunganishwa rasmi kuwa mji mmoja mwaka 1900, zaidi ya nusu karne baada ya karakana kufunguliwa.

Karakana yafungwa

Karakana ilipofikia kilele iliajiri watu wapatao 14,000. Hapo palikuwa na udhaifu: ajira, nyumba na matibabu vilitegemea mwajiri mmoja. Mwaka 1960 injini ya mwisho ya mvuke kwa reli za taifa, Evening Star, ilikamilishwa hapo. Mwaka 1986 karakana ikafungwa, na jengo la Taasisi ya Mafundi likafunga milango yake mwaka huohuo.

Nyumba hazikubomolewa. Halmashauri ya mji ilikuwa imezinunua katika miaka ya 1960 na kuzikarabati, na watu bado wanaishi humo. Sehemu ya karakana sasa ni makumbusho ya reli.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa katika makazi yetu na katika vijiji jirani, historia hii ina jambo la kufaa. Mfuko wa Swindon ulianzishwa katika mwaka ambao watu walikuwa na kidogo zaidi. Ulidumu kwa sababu kila mmoja alichangia kadiri ya uwezo wake, na wachangiaji wenyewe waliamua fedha zitumikeje.