Vitabu 12 kwa mwaka moja: mupango wa kusoma nyumbani

Kusoma ni sawa njia ya ku pori: kama hakuna mutu anayepita, majani yanaifunga. Mu miji yetu ya migodi, toka Likasi mpaka Kolwezi, tunaona vijana waliofika kalasi ya sita, kisha wakaacha masomo ju ya kwenda kuchimba mawe. Miaka mitano inapita. Siku moja kijana anapewa kontra ya kazi, na anatafuta paka mahali pa kutia mukono. Herufi hakusahau. Amepoteza nguvu ya kufuata maneno mengi mpaka mwisho. Na mara nyingi neno lenye kumufunga mutu liko kule mwisho.

Dawa moja inawezekana mu kila nyumba, hata bila kurudi shuleni: kuandika liste ya vitabu vya mwaka muzima na kuifuata.

HESABU YAKE

Tuseme kitabu kina kurasa 150. Vitabu 12 ni kurasa 1.800. Ukisoma kurasa 5 kila siku, kwa siku 365 unafika 1.825. Kurasa 5 ni karibu robo ya saa. Buji ni bei na umeme unakatika, basi soma mbele ya giza. Baba mwenye kazi ya usiku, asome mchana kisha kulala. Jambo kubwa ni saa ile ile kila siku.

VITABU GANI?

Vinne vya kwetu. Anza na kitabu kidogo kinachoitwa Vocabulaire de ville d'Elisabethville. Kiliandikwa mu mwaka 1965, mu Kiswahili cha Lubumbashi, na André Yav, kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu. Ni historia ya muji wetu sawa maboyi walivyoiona. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na maelezo. Kisha soma Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, ya mwaka 1948: mutoto anakimbia masomo, anaenda ku mto, mamba anamukamata. Vijana hawataiacha katikati. Cha tatu, kimoja cha Zamenga Batukezanga, aliyekufa mu mwaka 2000. Kifaransa chake ni chepesi, na anajua shida ya mutu aliye kati ya kijiji na muji. Cha ine ni Entre les eaux (1973) ya V.Y. Mudimbe, mutoto wa Likasi, aliyekufa mu mwaka 2025. Padri mumoja anajiunga na wapiganaji wa pori, na roho yake inagawanyika. Hiki ni kigumu. Kiweke ku mwezi wa kumi, wakati macho yamezoea.

Vinne vya Afrika ingine. Mu L'enfant noir (1953), Camara Laye wa Guinea anaeleza namna baba yake alivyoyeyusha zahabu. Watoto wa migodi watajua ile moto. Une si longue lettre (1979) ya Mariama Bâ wa Senegali ni barua ya mujane kwa rafiki yake. Mama na binti wakisome pamoja. Le monde s'effondre ya Chinua Achebe kiko vilevile mu Kiswahili kwa jina Shujaa Okonkwo. Na Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert wa Tanganyika ni hadisi ya Karama, anayeshitakiwa ju ya kufundisha watu sheria. Mwenye kontra mu mukono ataelewa sababu.

Vitatu vya kazi: kulima mboga, mekanike, kushona, ao kuweka hesabu ya biashara ndogo. Na nafasi moja iache wazi, kwa kitabu utakachokutana nacho njiani.

VITAPATIKANA WAPI?

Hakuna jamaa inayolazimishwa kununua vyote. Jamaa ine za kartier moja zikitafuta kila moja vitabu vitatu, hesabu imetimia, na vinazunguka. Uliza ku biblioteke ya shule ao ya paruasi. Vitabu vya zamani vinauzwa chini ku balabala za muji. Tazama mbele kama kurasa zote ziko. Cha mutu kivike gazeti, na kirudishe.

NAMNA YA KUSOMA

Uwe na kaye na biki. Andika tarehe, ukurasa uliofika, na neno moja gumu. Mutoto akiuliza, “Yaya, hii neno maana yake nini?”, usimufukuze. Na kama wewe yaya hujui, muulize mwalimu kesho.

Mara moja kwa juma, mumoja asome kwa sauti. Nkambo asiyejua kusoma naye atasikia, na kwa habari za Elisabethville ya zamani, pengine yeye njo atakayesahihisha kitabu.

Neno moja kwa wazazi. Mu nyumba nyingi kijana anakaa na kitabu wakati dada yake anateka maji, anaosha masahani, anabeba mutoto. Jioni inaisha, na yeye hakufungua ukurasa. Liste bila saa ya binti ni liste ya nusu jamaa. Kijana aoshe masahani siku tatu kwa juma, mikono haitavunjika.

Ukikwama? Kitabu kikikushinda kisha kurasa 40, kiache, weka kingine. Ugonjwa ao matanga yakikata majuma mawili, usitafute kulipa deni lote siku moja. Anza tena na kurasa 5 za leo. Hata ukimaliza mwaka na vitabu saba, ni saba kupita mwaka uliopita.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MU JAMAA

1. Ni nani mu nyumba yetu aliyesoma kitabu kizima mwaka uliopita?
2. Binti zetu wana saa gani ya kusoma?
3. Karatasi ya mwisho tuliyotia mukono, tuliisoma mpaka mwisho?
4. Jamaa gani tatu tutaziita ku mupango huu?