Fedha za Uchovu Zilikwenda Wapi?

Mei 1999, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani alitoa ripoti ya mahesabu isiyo na mbwembwe yoyote. Kwa miaka ya fedha 1995 hadi 1998, CDC, idara kuu ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, iliandika kwamba imetumia dola milioni 22.7 kuchunguza ugonjwa wa uchovu sugu. Mkaguzi alipofungua vitabu alikuta dola milioni 8.8 zimelipia shughuli nyingine kabisa, na milioni 4.1 hazina vielelezo vya kutosha. Wabunge walikuwa wameambiwa vingine. Aliyetoboa siri alikuwa mtu wa ndani: Dk. William Reeves, msimamizi wa utafiti wa ugonjwa huo hapo hapo CDC. Idara iliomba radhi na kuahidi kuzirudisha dola milioni 12.9.

Nimeanza na fedha kwa makusudi. Wagonjwa hawa wanapoituhumu serikali, msikilizaji huwaweka haraka kwenye kapu moja na wanaoamini kuwa chanjo ni njama. Lakini shaka yao ina risiti.

Tatizo jingine ni jina. Kwetu mtu aliyechoka hupewa pole, akaoga, akala, akalala; asubuhi huyoo, kazini. Mgonjwa wa uchovu sugu hulala kwa saa kumi na kuamka hoi. Akifua nguo mbili tatu, au akizungumza na wageni kwa saa moja, bili humfikia kesho au kesho kutwa: mwili unakuwa mzito, maneno yanapotea mdomoni, mwanga na kelele vinamuumiza, na hali hiyo inaweza kudumu wiki kadhaa. Watafiti wamewapandisha wagonjwa kwenye baiskeli ya maabara siku mbili mfululizo. Mtu mwenye afya, hata yule asiyefanya mazoezi, siku ya pili hupata matokeo yanayokaribiana na ya jana. Kwa wagonjwa wengi uwezo hushuka: mwili unaishiwa pumzi kwenye kazi ndogo kuliko ile iliyouchosha jana. Uvivu hauelezi jambo hilo.

Ila uvivu, au woga, ndio uliodhaniwa. Mwaka 1955 wafanyakazi wapatao 300 wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua ugonjwa wa namna hii, na hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Miaka 15 baadaye madaktari wawili wa akili, bila kumpima hata mgonjwa mmoja, walipitia mafaili na kuandika kwamba ile ilikuwa hofu iliyoenea kutoka mtu hadi mtu, tena wakataja kama ushahidi kuwa wengi walikuwa wanawake. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja zamu ya Incline Village, mji mdogo kando ya ziwa Tahoe, Nevada. Madaktari wa pale, Paul Cheney na Daniel Peterson, waliona wagonjwa wakiongezeka wiki hadi wiki, wakaita CDC. Wachunguzi walikuja, wakaondoka, na mwaka 1988 ugonjwa ukapewa rasmi jina hili la uchovu. Magazeti nayo yakaubandika lake: mafua ya vijana wenye pesa.

Turudi kwa Reeves, kwa sababu kisa chake hakiishii kwenye ushujaa. Utafiti wa kundi lake katika mji wa Wichita, uliotoka mwaka 2003, ulikuwa umekadiria wagonjwa 235 katika kila watu wazima 100,000. Mwaka 2007, kwa vigezo vipya alivyovibuni mwenyewe na wenzake, idadi huko Georgia iliruka hadi 2,540. Ugonjwa haukuongezeka mara kumi. Wavu ndio uliotanuliwa. Mwanasaikolojia Leonard Jason wa Chicago alivijaribu vigezo hivyo kwa watu 37 wenye sonona kali ambao hawakuwa na ugonjwa huu. Kumi na wanne kati yao walihesabiwa kuwa nao. Kwa hiyo mtu yule yule aliyefichua ubadhirifu wa fedha aliwavurugia wagonjwa sampuli, na wao hawakumsamehe kwa sababu ya wema wa zamani. Nadhani walikuwa na haki.

Uingereza mambo yalikuwa ya namna yake. Jaribio la PACE, lililochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet, liligharimu takriban pauni milioni 5 za umma, sehemu yake ikitoka katika wizara inayolipa posho za ulemavu. Washiriki walikuwa 641. Matokeo yalisema kwamba tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo huwasaidia wagonjwa, na makala ya mwaka 2013 ikadai asilimia 22 ya waliopata tiba hizo walipona. Wagonjwa wakakaa chini na kalamu. Kwenye kipimo cha uwezo wa mwili cha 0 hadi 100, aliyepata 65 au chini alikuwa mgonjwa wa kutosha kuingia kwenye jaribio. Mwishoni, kigezo kimojawapo cha kupona kilikuwa 60 au zaidi, ingawa mpango wa awali ulisema 85. Yaani mtu angeweza kuingia na 65, akaporomoka hadi 60, na kwenye kigezo hicho akahesabiwa kapona!

Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba takwimu ghafi. Chuo kilichoongoza jaribio kilikataa na kutumia pauni zaidi ya 245,000 kwa mawakili, hadi Agosti 2016 baraza la rufaa lilipoamuru zitolewe. Zilipokokotolewa upya kwa vigezo vya mwanzo, waliopona walikuwa asilimia 7 kwa mazungumzo na 4 kwa mazoezi, dhidi ya 3 kwa waliopata huduma ya kawaida tu. CDC iliondoa ushauri wa tiba hizo kwenye mwongozo wake mwaka 2017. NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, iliyafuta mazoezi hayo Oktoba 2021. Kwa miaka yote hiyo kuna watu walioambiwa wajikaze, wakajikaza, wakaishia kitandani.

Methali husema mtafunwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Haisemi kwamba katika kuukimbia ung'ong'o mtu anaweza kukanyaga nyoka mwingine. Oktoba 2009 jarida la Science lilitangaza kwamba kirusi kiitwacho XMRV kimeonekana kwa wagonjwa 68 kati ya 101. Hatimaye, ushahidi wa damu! Mwaka 2010 maabara ya CDC ilisema haikioni, wakati huo huo makala ya wanasayansi wengine wa serikali waliopata virusi vinavyofanana nacho ikazuiliwa kwa muda isichapishwe. Kwa wagonjwa ule ulikuwa mchezo wa zamani unarudiwa, na baadhi walianza kumeza dawa za VVU. Ila safari hii CDC ilikuwa sahihi. Kirusi kilizaliwa maabara, katika panya wa majaribio, kikachafua sampuli. Makala ya Science na ile ya wanasayansi wa serikali zote ziliondolewa Desemba 2011. Idara iliyokwisha kusema uongo kuhusu fedha haikuwa na sauti ya kuwaonya watu ilipokuwa na ukweli mkononi.

Agosti 2025 mradi wa DecodeME wa Uingereza ulitoa matokeo ya awali ya jeni za wagonjwa 15,579, ukitaja maeneo manane ya vinasaba, baadhi yakigusa kinga na mfumo wa fahamu. Miongoni mwa waliotoa fedha ni baraza lile lile la utafiti wa tiba lililochangia PACE. Tofauti ni kwamba wagonjwa wamo katika uongozi, na hakuna aliyelazimika kwenda hospitali. Kichupa kilitumwa kwa posta. Asiyeweza kuketi alitema mate kitandani, kichupa kikafungwa, kikarudishwa.