Simu Nayo Ina Mlango: Tumemfungulia Nani?

Katika ada zetu za pwani, mgeni hasukumi mlango wa mwenziwe, hata akiwa ndugu wa damu. Hupiga hodi akasubiri, na asipojibiwa mara ya tatu hurejea alikotoka. Adabu hii imo pia katika Kitabu chetu, kwani Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Watoto wetu wa Kibiti, Bungu na Nyamisati hufundishwa jambo hili wangali wadogo. Hata hivyo, katika nyumba hizo hizo upo mlango mmoja ambao wageni huupita usiku na mchana bila kuulizwa watokako. Mlango huo ni simu ya mkononi.

Tunalileta suala hili katika kurasa za familia kwa sababu simu ya leo imebeba mengi kuliko salamu. Mchuuzi wa kamba na kaa kutoka visiwa vya delta hulipwa kwa simu. Mkulima wa korosho au ufuta hupokea humo taarifa za fedha zake. Mweka hazina wa kikoba hulinda akiba ya kina mama wenziwe kwa tarakimu chache za siri. Ndani ya simu hiyo hiyo zimo picha za harusi, ambamo mabinti na mama zao wamejipamba wakiwa peke yao, wakiamini kwamba picha hizo hazitatoka nje ya jamaa. Yote hayo ni amana, na ikipotea, hasara haimpati mwenye simu pekee.

Swali ambalo wengi huuliza ni moja: tuweke programu gani ya kuzuia virusi ili tuwe salama? Swali ni jema, ila jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu mlinzi wa kumweka mlangoni. Ya pili, iliyo nzito zaidi, inahusu sisi wenyewe tunaoufungua mlango huo.

Virusi hupita wapi?

Virusi vya kompyuta ni programu iliyoandikwa na binadamu kwa nia ya kuharibu, kuiba au kupeleleza. Havizuki vyenyewe, wala haviji na upepo. Kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta ndogo zinazotumia mfumo wa aina ya IBM kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, nacho kilisafiri kwa disketi zilizopita mkono kwa mkono.

Njia hiyo ya mkono kwa mkono haijafungwa. Mwanafunzi anayekwenda steshenari kuchapisha barua au kujaza fomu ya maombi huchomeka flashi yake katika kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za watu wengi siku hiyo. Kijana anayejaziwa qaswida na filamu katika memori kadi hajui mafaili hayo yamepita wapi. Njia nyingine ni programu zilizochakachuliwa. Wapo wanaopenda WhatsApp zisizo rasmi kwa sababu zina rangi na madoido ambayo ile ya asili haina. Mwezi Agosti 2021, wataalamu wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kwamba toleo moja la programu ya aina hiyo, iitwayo FMWhatsApp, lilikuwa limebeba kirusi kinachojulikana kwa jina la Triada. Aliyeipakua aliingiza mwizi kwa mkono wake. Ndiyo maana wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kumchagua mlinzi

Habari njema ni kwamba familia nyingi hazihitaji kununua chochote. Kompyuta zinazotumia Windows, tangu toleo la 8 lililotoka mwaka 2012, huja na mlinzi wake, Microsoft Defender. Simu za Android zenye duka la Google Play zina Play Protect, ambayo hukagua programu zilizomo. Ili kuitazama, fungua Play Store, gusa picha yako juu pembeni, kisha chagua Play Protect. Hakikisha imewashwa.

Mwenye ofisi, shule au steshenari, ambaye mashine yake hupokea flashi za watu kutwa nzima, anaweza kuona haja ya kununua kinga ya ziada. Huyo tunamnasihi asichague kwa tangazo. Zipo taasisi zinazozipima programu hizi na kutoa matokeo hadharani bila malipo, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Asome matokeo hayo, anunue kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, na asiwashe kinga mbili kwa pamoja, maana hugombana na kuilemea kompyuta.

Cha bure nacho kina maswali yake. Mwezi Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitoza kampuni ya Avast dola milioni 16.5. Kosa lake ni kukusanya kumbukumbu za tovuti ambazo wateja wake walitembelea na kuziuza, ilhali iliwaahidi kuwakinga dhidi ya wafuatiliaji. Mlinzi aliyewekwa mlangoni alikuwa akiuza habari za waliomo ndani. Hatusemi kila cha bure ni kibaya, kwani Defender na Play Protect nazo hatuzilipii kando. Tunasema muulize mlinzi naye anapata wapi riziki yake.

Jambo la tatu ni kusasisha. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Dawa ya ufa ule Microsoft ilikuwa imeitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuipokea. Tunajua kwamba bando ni gharama, na kwa wakaao Salale au Mbwera mtandao una siku zake. Basi safari ya kwenda Kibiti mjini au Dar es Salaam itumike kuisasisha simu mahali penye mtandao mzuri. Wenye kompyuta za Windows 10 nao wajue kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025.

Idhini tunazozitoa bila kusoma

Kila programu mpya hupiga hodi kwa namna yake. Huomba kuona picha, kusoma majina ya watu wako, kusikiliza kipaza sauti au kujua ulipo. Wengi wetu hugusa neno la kukubali kabla ya kusoma ombi lenyewe.

Mwezi Novemba 2020, chombo cha habari cha Motherboard kiliripoti kwamba programu ya Muslim Pro, inayoonyesha nyakati za sala na kibla na iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 90 duniani, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode taarifa za mahali walipo watumiaji. X-Mode nayo iliwauzia taarifa za aina hiyo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya habari kutoka, Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo. Mwislamu aliyetaka kujua wakati wa Alfajiri hakudhania kwamba nyayo zake zinapigiwa bei.

Haja ya idhini ile ilikuwa ipi kwetu? Kutoka delta ya Rufiji, Makka iko karibu kaskazini halisi, na mihrabu za misikiti yetu zinatuonyesha hivyo. Nyakati za sala zinaweza kupatikana kwa kuchagua jina la mji, bila simu kuruhusiwa kutufuata. Kanuni ni nyepesi: programu iombe kile tu ambacho kazi yake inakihitaji. Tochi isiyoweza kuwaka mpaka isome majina ya jamaa zako, ifute.

Pale mlinzi asipofaa

Kuna wizi ambao hakuna programu iwezayo kuuzuia. Ujumbe unaosema ile pesa itume kwenye namba hii hauna kirusi ndani yake. Mtu anayekupigia akidai ametuma fedha kwa makosa, au akiomba umsomee tarakimu 6 zilizoingia katika simu yako, havunji mlango. Anakuomba umfungulie. Ukimpa tarakimu hizo, anaweza kuitwaa WhatsApp yako na kuwaomba fedha jamaa zako kwa jina lako.

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakiki habari tuletewayo na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kuhakiki katika zama hizi ni kumpigia mwenyewe kwa namba unayoijua na kusikia sauti yake. Mweka hazina wa kikoba asitoe fedha kwa ujumbe wa maandishi peke yake, hata ukitoka kwa mwenyekiti. Namba ya siri haisomwi kwa mtu, awe wakala au anayejiita mtumishi wa kampuni ya simu.

Ujumbe wa kitapeli usifutwe upesi. Upelekwe kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo, kisha yafuatwe maelekezo. Tena kila mmoja wetu apige *106# ajue namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akabeba dhima ya laini asiyoijua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zipo, na aliyedhulumiwa ana haki ya kuripoti polisi. Asinyamaze kwa aibu, kwa kuwa ukimya wake humpa tapeli nafasi ya kumwendea jirani.

Tunawausia wazazi watenge jioni moja wiki hii, baada ya Isha, waketi na watoto wao, simu zikiwa mkekani. Ziondolewe programu zisizotumika, zikaguliwe idhini moja moja, na iwekwe namba ya siri ya hatua ya pili katika WhatsApp. Vijana ndio wenye ujuzi wa vidole, wazee ndio wenye hadhari, na nyumba inahitaji vyote viwili. Bibi asiyejua kusoma ujumbe naye aambiwe wazi kwamba akipigiwa simu kuhusu fedha, akate, kisha amwite mjukuu.