Je, Wajua? Mwaka 2020 Kaskazini Mashariki

Je, wajua kwamba nzige walioisumbua Kenya mwaka 2020 waliingilia Kaunti ya Mandera mwishoni mwa Desemba 2019? Kenya haikuwa imeona uvamizi wa aina hiyo kwa miaka 70. Kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki lilifunika takriban kilomita za mraba 2,400. Nzige wa kilomita moja tu ya mraba hula kwa siku chakula cha kutosha watu 35,000! Wakishamaliza majani, mfugaji atawalisha nini ngamia na mbuzi wake?

Nzige wakiwa bado wanasambaa, Januari 5, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, Lamu, unaotumiwa na majeshi ya Marekani, wakaua Wamarekani watatu. Siku nane baadaye wakawaua walimu watatu Kamuthe, Garissa. Hilo kwangu ndilo pigo lililoumiza zaidi, kwani baada ya mauaji hayo Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na watoto wasio na hatia yoyote wakakosa wa kuwafundisha.

Machi 2, wanajeshi wa serikali ya Somalia na wa jimbo la Jubaland walipigana Bula Hawa, ng'ambo tu ya mpaka, na risasi zikafika mjini Mandera. Machi 13 Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Shule zote nchini zikafungwa, wakati shule nyingi za Mandera tayari hazikuwa na walimu wa kutosha.