Roho Juu Juu? Hivi Ndivyo Huruma Inavyotuliza Wasiwasi wa Kila Siku

Mei 15, 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi. Ilikuwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, na lengo lilikuwa zuri: samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, DRC na Zambia, zilikubaliana hivyo.

Lakini kwa mtu wa Katonga, pale Kigoma, miezi mitatu bila ziwa inaleta swali moja tu: nyumbani tutakula nini? Mvuvi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama anayenunua dagaa mwaloni na kuwaanika hana cha kuanika. Anayeuza chai alfajiri, anayebeba mizigo, fundi wa injini, wote wanategemea mtumbwi uleule. Na ada ya shule haisubiri, wala mwenye mkopo hasubiri.

Hata ziwa likiwa wazi, wasiwasi haukosi. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti samaki vizuri na wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Kila mwezi kuna siku za mkono mtupu. Na siku wanayoingia ziwani, upepo ukibadilika usiku, aliyebaki nyumbani hapati usingizi mpaka asikie injini zinarudi.

Makala hii haitakupa hela ya kuziba pengo hilo. Inahusu kitu kingine ambacho unacho tayari: uwezo wa kumwelewa na kumhurumia mwenzako, na jinsi unavyoweza kushusha presha ya mawazo, yake na yako.

Wasiwasi ni kengele

Wasiwasi wa kawaida si ugonjwa. Ubongo ukihisi hatari, unauamuru mwili utoe homoni kama adrenalini. Moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, tumbo linavurugika. Ndiyo maana tunasema "roho iko juu juu" au "matumbo joto". Waliotunga misemo hiyo walikuwa wanaeleza mwili unavyofanya kweli.

Kengele hii inafaa sana mawimbi yanapoinuka, kwa sababu inakufanya ukimbilie ufukweni. Tatizo ni pale inapolia usiku kucha kwa jambo ambalo huwezi kulimaliza usiku huo.

Ikilia muda mrefu, mtu anaanza kujifungia. Hapokei simu. Anakuwa mkali kwa watoto. Ukimuuliza "vipi?" anajibu "poa tu". Hapo wasiwasi unapata rafiki mbaya, yaani upweke, na viwili hivyo vikikaa pamoja vinakuzana.

Kama ni wewe, ujue hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa. Hapo hawajahesabiwa wale wa mawazo ya kawaida ya kila siku.

Kuelewa ni kitu kimoja, kuhurumia ni kingine

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumwelewa mwenzako ni kujaribu kukilalia kitanda hicho, hata kwa dakika tano. Unajiuliza: ningekuwa mimi, ningejisikiaje?

Huruma inaongeza hatua ya pili. Unataka mzigo wake upungue, na uko tayari kusogea karibu.

Tofauti hii si ya maneno tu. Mtafiti Tania Singer na wenzake waliwafundisha watu kuhisi maumivu ya wengine. Watu hao waliishia kujisikia vibaya zaidi. Walipofundishwa huruma, yaani kumtakia mema anayeumia, hali yao ilibadilika na wakapata hisia nzuri tena. Kwa hiyo sikia maumivu ya mwenzako, lakini usizame nayo. Anayezama humsaidii kwa kuzama naye, unamrushia kamba.

Neno "pole" lina kazi

Kiswahili kimetupa neno fupi sana kwa kazi hii. Mtu akipatwa na jambo, unamwambia "pole". Naye anajibu "asante, nimeshapoa". Kupoa ni kupungua joto. Hatusemi tatizo limekwisha, tunasema joto limeshuka.

Kosa la wengi wetu ni kuliruka neno hilo na kukimbilia ushauri.

Chukua mfano wa mama anayeanika dagaa. Amechukua ule mkopo wa "kausha damu", marejesho kila wiki, na sasa ziwa limefungwa. Anamwambia jirani yake: "Dada, siku hizi silali."

Jibu la kwanza: "Na wewe nani alikutuma ukakope?" Hapo mama anafunga mdomo. Kesho hatasema tena, hata hali ikiwa mbaya zaidi.

Jibu la pili: "Usijali, yatapita." Nia ni njema, lakini mama anabaki na mzigo wake, na sasa anajiona mdhaifu kwa sababu anajali.

Jibu la tatu: "Pole sana dada. Hebu kaa hapa, nieleze." Halafu jirani ananyamaza. Mama akishaongea, anaulizwa: "Katika hayo yote, lipi linakunyima usingizi zaidi?"

Jibu la tatu halilipi deni hata shilingi. Lakini linashusha kengele, na mtu ambaye kengele yake imeshuka anaweza kufikiri. Anaweza kwenda kuomba muda kabla siku ya marejesho haijafika, badala ya kujificha siku hiyo. Anaweza kumwambia mumewe ukweli. Anaweza kuwaeleza wenzake wa kikoba.

Bibi wa kwenye benchi

Kama unadhani haya ni maneno matamu tu, angalia kilichotokea Zimbabwe.

Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 katika eneo la Mbare, mjini Harare. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno, wagonjwa wengi. Basi bibi hao wakafundishwa kukaa na watu kwenye benchi la mbao, nje ya kliniki, na kuwasikiliza.

Washona wana neno "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Ni kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Bibi hakuanza na majina magumu ya kitabibu. Alimsikiliza mtu, kisha wakachagua pamoja tatizo moja na hatua ndogo ya kuanzia.

Matokeo ya utafiti kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA. Baada ya miezi 6, karibu watu 12 kati ya kila 100 waliokaa na bibi ndio waliobaki na dalili za wasiwasi. Kwa waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, walikuwa karibu 48 kati ya 100. Utaratibu huu sasa umefika hadi Zanzibar.

Bibi hao hawakuwa madaktari, wala hawakuwa na hela za kugawa. Walifundishwa kusikiliza kwa mpangilio, na sehemu ya mpangilio huo unaweza kuutumia hata ukiwa umekaa kwenye mkeka nyumbani.

Fanya hivi mtu akikuletea wasiwasi wake

1. Weka simu chini. Mtu akiona unaperuzi wakati anaongea, anakata maneno.

2. Uliza swali moja, kisha nyamaza. "Nini kinakusumbua zaidi?" inatosha. Kimya cha nusu dakika si kibaya, mwache apange maneno.

3. Rudia ulichosikia. "Yaani unaogopa mtoto atarudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule?" Akisema "eeh, hicho hasa", ujue amejisikia ameeleweka.

4. Chagueni tatizo moja. Yote kumi hayatatuliki leo. Mnaweza kuanza na lile la karibu: kesho asubuhi aende kwa nani, aseme nini.

5. Muunganishe. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Huwezi kila kitu, lakini pengine unamjua anayeweza.

6. Rudi. Baada ya siku mbili tatu muulize: "Ile habari ilifikia wapi?" Swali hilo linamwambia kwamba hukumsahau.

Kwa wanaume, njia ni nyingine kidogo

Mwaloni, wanaume wataongea Simba na Yanga mpaka jua lizame. Lakini kusema "nina hofu" ni kazi. Wengi tumelelewa kwamba mwanaume hujikaza.

Usimkalishe kana kwamba ni kikao cha ukoo. Wanaume wengi hufunguka mikono ikiwa na kazi: mnashona wavu, mnatengeneza injini, mnatembea. Hamtazamani usoni, na maneno yanatoka polepole. Anza na lako kwanza: "Kaka, mwezi huu umenibana kweli. Wewe unaendaje?" Akicheka tu, sawa. Mlango umeshauacha wazi.

Jihurumie na wewe

Kuna watu wanaomhurumia kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Usiku wanajisema: "Mjinga mimi. Wenzangu wameweka akiba, mimi sina kitu." Maneno hayo kwa ubongo ni tishio jingine, na kengele inaongezeka.

Mtafiti wa Marekani, Kristin Neff, anaeleza mambo matatu katika kujihurumia. Jisemee kwa upole. Kumbuka kwamba kukwama ni sehemu ya maisha ya binadamu wote. Na itazame hisia yako ilivyo, bila kuikuza wala kuificha.

Njia rahisi ni hii. Jiulize: angekuwa mdogo wangu ndiye amekwama hivi, ningemwambia nini? Maneno hayohayo, jiambie wewe. Kisha vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika chache. Pumzi inayotoka taratibu husaidia mapigo ya moyo kupungua.

Kujihurumia si kujidekeza. Deni bado ni lako na utalilipa. Ila mtu asiyejitukana usiku kucha huamka na nguvu ya kulitafutia njia.

Mipaka ni lazima

Ukishakuwa msikilizaji mzuri, watu watakuja. Linda siri zao. Neno la mtu likifika mwaloni kabla yake, hatamwamini mtu tena.

Pia ruhusu nafsi yako kusema: "Leo nimechoka, tuongee kesho jioni." Na usiahidi hela ambayo huna. Ahadi hewa inaongeza wasiwasi wa watu wawili.

Na kama mtu anapigwa au anatishiwa, kusikiliza peke yake hakutoshi. Msaidie afike polisi, au kwa viongozi wa mtaa.

Lini uende hospitali?

Nenda kituo cha afya kama wasiwasi unaendelea kwa wiki kadhaa, unashindwa kufanya kazi, kula au kulala, au unahitaji pombe ndipo upate usingizi. Maumivu ya kifua usiyaite "mawazo tu", yapimwe. Kwa walioko Kigoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ipo mjini, na zahanati ya karibu inaweza kuwa hatua ya kwanza.

Mtu akisema amechoka kuishi, mchukulie kwa uzito. Usimwache peke yake, mpeleke kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kwa leo, anza na kidogo. Mfikirie mtu mmoja ambaye siku hizi akiulizwa hali anajibu "poa tu", lakini unaona hayuko sawa. Mpigie au mfuate. Mwambie "pole na majukumu", halafu mwache aongee.