Kurasa za Vipimo Tofauti: Tuzilinganishe Kabla ya Kupeleka Kijitabu Kuchapwa

Kila inapokaribia sikukuu kubwa, mafaili huanza kumiminika kwenye kompyuta. Chukua Mkesha wa Pasaka peke yake: masomo saba ya Agano la Kale, Waraka, Injili, zaburi zake, Mbiu ya Pasaka, Litania ya Watakatifu, ahadi za ubatizo, na nyimbo zote za kwaya. Masomo kayachapa frateri mmoja. Nota nyingine zimepakuliwa kutoka Swahili Music Notes. Wimbo wa zamani umepigwa picha kwa simu kutoka kwenye daftari la mwalimu wa kwaya, na litania imeskaniwa kutoka kwenye karatasi ya miaka mingi iliyopita. Ukiyaunganisha yote kuwa faili moja la PDF, kwenye kioo yanaonekana sawa tu. Tatizo hujitokeza kwenye karatasi.

Katika nota za sauti nne, besi hukaa chini kabisa. Ukurasa ukiwa mrefu kuliko karatasi, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kukatwa. Tumewahi kushika vijitabu vya namna hiyo, vyenye soprano, alto na teno, na chini yake weupe mtupu. Wanabesi wakaimba kwa kukumbuka, kila mmoja akikumbuka ya kwake. Hapa Misigiri, barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, mtu aliyetumwa mjini kutoa nakala mia mbili hawezi kurudia safari Ijumaa Kuu jioni. Kazi hii imalizike mezani kabla flashi haijatoka mlangoni.

Karatasi inayouzwa madukani kwetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Lakini mafaili mengi huzaliwa katika kipimo cha Marekani kiitwacho Letter, milimita 216 kwa 279, kwa sababu tu programu iliyotumika ilipangwa Kimarekani na hakuna aliyeibadilisha. Letter ni pana kuliko A4 kwa milimita 6, na printa nyingi hazichapi hadi ukingoni kabisa, kwa hiyo pembeni huliwa zaidi ya hapo. Nyaraka za zamani zilizo kwenye fulskepu ya inchi 8 kwa 13 zina urefu wa milimita 330 hivi. Hizo huzidi A4 kwa milimita 33, nafasi ya kutosha mistari sita ya maandishi. Picha ya simu ndiyo ya ajabu kuliko zote. Picha yenye nukta 3000 kwa 4000 inaweza kuingizwa na programu kwa hesabu ya nukta 72 kwa inchi, na ukurasa wake ukawa na upana wa zaidi ya mita moja! Ndiyo maana ukichapa bila kuangalia unaweza kupata kona tu ya wimbo.

Kwenye dirisha la kuchapa la Adobe Reader lipo chaguo liitwalo Fit, ambalo hupunguza au kukuza kila ukurasa uenee karatasi. Ukichapa mwenyewe, linatosha. Lakini chaguo hilo halisafiri na faili. Kijana wa steshenari akichagua Actual size, matatizo yote yanarudi. Afadhali faili lenyewe litengenezwe upya, kila ukurasa ukiwa A4. Programu ya bure ya Ghostscript hufanya hivyo kwa amri moja, ambayo mafrateri wenye kompyuta wanaweza kuinakili ilivyo:

gs -o kijitabu.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=a4 -dFIXEDMEDIA -dPDFFitPage -dUseCropBox mkusanyo.pdf

(Kwenye Windows, badala ya gs huandikwa gswin64c.) Uwiano wa upana na urefu haubadilishwi, kwa hiyo nota hazivutwi zikawa bapa, mahali vipimo visipolingana hubaki weupe kidogo pembeni au chini. Kabla ya amri hiyo, punguza weupe mkubwa unaozunguka kurasa zilizoskaniwa. Ukiuacha, nao unahesabiwa kuwa sehemu ya ukurasa, na wimbo unabaki mdogo katikati kama stempu. Ila tukumbuke kwamba kupunguza kingo katika PDF kwa kawaida huficha tu, hakufuti. Jina au namba ya simu iliyokuwa pembeni bado imo ndani ya faili, na mtu anaweza kuifunua. Kama kuna la siri, lifutwe kwenye picha ya asili.

Kijitabu chenyewe kwa kawaida ni A4 iliyokunjwa katikati, yaani A5, milimita 148 kwa 210. Umbo halibadiliki. Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliueleza uwiano huo katika barua ya mwaka 1786, na Ujerumani ikaufanya kipimo rasmi mwaka 1922. Lakini kila kitu hushuka hadi asilimia 71. Herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa 8 na nusu. Mistari mitano ya nota yenye kimo cha milimita 7 inabaki na 5. Sasa mpe mzee wa kanisa kijitabu hicho usiku wa Mkesha, taa zikiwa zimezimwa na mshumaa mkononi. Kwa hiyo maandishi tunayochapa wenyewe yaanze na ukubwa wa 17 kwenye A4, yakikunjwa yatakuwa 12. Kwa nota, maoni yetu ni kwamba zisiingizwe kabisa katika kijitabu cha waamini. Waamini wapate maneno ya nyimbo kwa herufi kubwa, na wanakwaya wapate nota zao kwenye A4 kamili. Kazi inaongezeka, lakini waamini wengi nota hawazisomi.

Karatasi moja iliyokunjwa hubeba kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa igawanyike kwa nne. Zikiwa 22, ongeza mbili ziwe 24. Nafasi hiyo inafaa kwa matangazo. Kurasa 24 ni karatasi sita, na nakala 200 ni karatasi 1200. Nunua rimu tatu.

Kisha chapa nakala moja tu, uikunje, umpe mwanabesi mmoja na mama mmoja wa jumuiya waisome jioni. Wakirudisha bila swali, toa zilizobaki.