Gari la Vipande na Chupa ya Soda

Jumamosi moja jioni nilirudi kutoka zamu nikiwa nimechoka. Barazani nilimkuta kijana wangu wa miaka 13 ameinamia kigari cha plastiki, brashi mkononi. Kando yake palikuwa na chupa ya soda yenye petroli ya kuzimulia rangi. Mdogo wake wa miaka 3 alikuwa ameishika chupa ile na kuipeleka kinywani. Nilimwahi kabla hajaonja.

Mama mwenzangu, mimi ni muuguzi. Nimepokea watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni soda. Magoti yaliniisha nguvu.

Kigari hicho aliletewa na mjomba wake aliyekuwa masomoni Uingereza. Ni gari la vita la kubuni, la zama zijazo, lenye minyororo kama ya katapila. Huuzwa likiwa vipande. Mwenye nalo huviunga kwa gundi na kuvipaka rangi, kisha huchezewa mezani kwa dadu na futikamba. Michezo ya namna hii ni ya siku nyingi: mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kubuni za kisayansi, alichapisha kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea.

Nilitaka kukitupa jalalani. Baba yao akasema, "Mama watoto, kosa ni la chupa, si la kigari."

Nilitafakari. Sisi wa Kigoma tunaijua kazi ya kuunga vipande. Mwaka huohuo wa 1913 meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kutiwa ndani ya maelfu ya masanduku. Ililetwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa, ikaungwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Mtoto anayejifunza kuunga kipande kwa kipande bila papara hapotezi muda. Basi sikumnyang'anya, niliketi naye.

Mambo ya kuangalia

1. Rangi. Kijana wangu alitumia masalio ya rangi ya mafuta ya kupakia mitumbwi. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tumia rangi ya maji. Asilambe brashi, na anawe kabla ya kula.

2. Petroli na mafuta ya taa. Usiviweke kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe, kwa maana mafuta yakiingia mapafuni huleta hatari kubwa. Mkimbize hospitali.

3. Wembe. Akate kuelekea nje, mbali na vidole. Hakikisha amepata chanjo ya pepopunda.

4. Gundi. Dirisha liwe wazi. Vidole vikigandana, viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Usivivute kwa nguvu.

Je, ni mchezo wa vita?

Swali hili lilinisumbua. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo, na nimefunga vidonda vya vita kwa mikono yangu. Nilimweleza kijana kwamba aliyejeruhiwa kweli hasimami tena kwa kurusha dadu. Alinyamaza. Kesho yake aliniambia gari lake litakuwa la kubeba majeruhi.

Tulilisafisha kwa sabuni, akaanza upya. Alipaka rangi nyepesi, akangoja ikauke, akapaka tena. Mwisho alichovya kipande cha sponji katika rangi ya kahawia na kugusagusa kingo, hadi zikafanana na mabati yaliyoshika kutu. "Nimeziangalia boti za Kibirizi, mama," alisema.

Sasa kazi hii hufanyika mezani, mdogo wake akiwa amelala, na kila kitu hurudi kabatini, juu.

Mpendwa msomaji, kabla hujalala leo, chungulia uvunguni, jikoni na nyuma ya mlango. Ukikuta chupa ya soda isiyo na soda, iondoe usiku huuhuu.